Mcheza kwao hutunzwa: Haut-Katanga itenge pesa ya sanaa katika bajeti

LUBUMBASHI – Jengo ambamo wabunge wa Haut-Katanga hupigia kura bajeti ya jimbo halikujengwa kwa ajili ya siasa. Lilijengwa katika miaka ya 1950 kuwa teatre ya mji. Jukwaa lake lilitengenezwa kwa waimbaji, wacheza ngoma na waigizaji. Leo wakaaji wanalijua kwa jina la Bâtiment du 30 Juin, na sauti zinazosikika humo ni za waheshimiwa wanaobishana juu ya barabara, mishahara na kodi.

Si vibaya bunge kuwa na nyumba yake. Lakini ni vigumu kuona wapi, katika hesabu zinazopigwa mle ndani, sanaa imepewa nafasi inayolingana na sifa inazopewa katika hotuba. Mgeni mkubwa akitua uwanja wa Luano, vikundi vya ngoma vinaitwa mbio. Wanasimama juani saa nyingi, wanacheza dakika chache, wanapigwa picha, na mara nyingi wanarudi Katuba au Kenya na soda mkononi. Kesho yake hakuna anayeuliza wanafanyia mazoezi wapi, wala ngoma iliyopasuka itashonwa kwa pesa gani.

Wakati umefika jimbo lifanye jambo moja lililo wazi: kila mwaka litenge, ndani ya bajeti, fungu la sanaa linalotoka katika pesa ya madini, na fungu hilo ligawiwe kwa kanuni zinazojulikana na kila raia.

Hili si ombi la sadaka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2006 kinahakikisha haki ya utamaduni na uhuru wa kubuni kazi za sanaa. Kifungu hicho hicho kinaipa Leta kazi ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa na kuuendeleza. Katiba inaweka pia maisha ya utamaduni na michezo kati ya mambo ambayo Serikali kuu na majimbo wanayabeba pamoja. Kwa hiyo gavana na wabunge wa jimbo hawawezi kusema kwamba mambo ya sanaa ni ya Kinshasa peke yake.

Mali ya Katanga iko kwa wengine

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Katanga imecheza sana kwao, lakini waliotunza ni wengine.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka kusini mwa Afrika, alifika Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamkuta kijana wa Bunkeya akipiga gitaa. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco. Nyimbo zake za Kiswahili zilienea redioni na kwenye sahani za santuri, zikafundisha wapiga gitaa wa Kenya na wa nchi nyingine, na yeye mwenyewe akaitwa kufanya kazi Nairobi. Lakini anayetaka kusikiliza kanda zile za kwanza anaelekezwa kwenye maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Tracey alifanya kazi nzuri. Bila yeye sauti ile pengine ingepotea. Swali ni kwa nini hadi leo mtoto wa Likasi hana mahali pa Leta pa kwenda kumsikiliza Mwenda wake.

Miaka 20 baadaye ikawa vilevile. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi, picha karibu 100, kuanzia zamani za wakoloni hadi Zaire ya wakati wake: Lumumba, vita vya Katanga, mgodi, gereza. Alimweleza mwanachuoni Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Kitabu kilichotokana na mazungumzo yao kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza. Picha zenyewe ziko katika makumbusho ya Amsterdam. Tshibumba hakuonekana tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Historia ya Kongo iliyochorwa na Mkongo, ikaelezwa kwa lugha ya Wakongo, inahitaji visa ili mtoto wa Kamalondo aione.

Si mambo ya zamani tu. Mwaka 2008 wasanii vijana wa Lubumbashi, akiwemo mpiga picha Sammy Baloji, walianzisha Picha na maonyesho ambayo yamekuwa Biennale ya Lubumbashi. Wageni wanatoka mabara yote kuja kuona kazi za humu. Biennale hiyo imesimama kwa nguvu ya wasanii wenyewe na kwa msaada mkubwa wa wafadhili wa nje. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa riwaya yake Tram 83 mwaka 2014 ikachapishwa Paris, na yeye anaishi Graz, Austria. Kijana anayeandika leo katika Ruashi ana sababu ya kufikiri kwamba njia ya fasihi inapita uwanja wa ndege.

Hata makumbusho mapya ya taifa, yaliyofunguliwa Kinshasa mwezi Novemba 2019, yalijengwa kwa pesa ya Korea ya Kusini. Na katika mji huu, msanii anayetafuta jukwaa lenye taa na vyombo hufikiria kwanza Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa. Wafaransa na Wakorea wanastahili asante. Lakini nyumba ambayo kila siku inapikiwa na jirani, siku jirani akisafiri watoto wanalala njaa. Tena jirani anapika anachopenda yeye. Mfadhili ana mada zake: mwaka huu anataka michezo juu ya mazingira, mwaka kesho juu ya uhamiaji. Msanii anajifunza kuandika maombi kwa lugha ya mfadhili, na ile kazi aliyokuwa nayo rohoni inabaki kabatini.

Soko lilikuwako, likafa

Kuna wanaojibu kwamba sanaa nzuri inajiuza yenyewe. Historia ya Lubumbashi inawapa haki nusu, halafu inawanyang'anya.

Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 picha zilinunuliwa na watu wa kawaida. Katika sebule za wafanyakazi kulining'inia mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au picha ya Colonie belge yenye polisi na kiboko. Mchoraji alitembea na picha zake mlango kwa mlango, akauza, akala. Lakini aliyenunua alikuwa na mshahara. Gécamines katikati ya miaka ya 1980 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpigo mmoja. Mtu anayetafuta unga wa bukari hanunui picha. Vipaji havikuisha, walioisha ni wanunuzi.

Shaba imerudi. Kongo leo inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, na malori yanajipanga barabara ya Kasumbalesa usiku na mchana. Lakini pesa hiyo haipiti tena katika sebule za Kamalondo kama zamani. Inapita katika akaunti za kampuni na katika hazina za Leta. Ikiwa soko lililowalisha wachoraji limekufa, na mapato sasa yako serikalini, basi ni haki sehemu ndogo ya mapato hayo irudi pale ilipokuwa ikirudi.

Wanamuziki nao walipata soko jingine, na kila mtu analijua: mabanga. Mtu mwenye pesa analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Mwenye kampuni, mwanasiasa, mfanyabiashara wa Ulaya, kila mmoja ana bei yake. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, kwa ombi la Kongo zote mbili, na taifa likashangilia. Lakini wimbo wa urithi wa binadamu leo unaweza kuwa na majina 30 ya watu waliolipia. Mwanamuziki hawezi kulaumiwa. Sheria ya haki za waandishi iko tangu 1986, lakini msanii wa Lubumbashi akisikia wimbo wake ukipigwa katika kila baa ya Bel-Air, ni mara chache aone franka ikifika mfukoni mwake. Asipolipwa kwa wimbo, atalipwa kwa sifa.

"Barabara kwanza"

Swali kubwa zaidi linatoka kwa raia wenyewe, na ni la haki. Barabara za mitaa zina mashimo. Walimu wanadai mishahara. Umeme wa SNEL unakatika. Mashariki kuna vita, na watu wanalala katika mahema. Katika hali hiyo, nani anathubutu kuomba pesa ya ngoma?

Jibu la kwanza ni hesabu. Kufuatana na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, kampuni inalipa redevansi: asilimia 3.5 kwa shaba, asilimia 10 kwa kobalti. Katika kila dola 100 za redevansi hiyo, 50 zinakwenda kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta au usultani ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Jimbo likitenga dola 1 tu katika kila dola 100 za fungu lake, maana yake ni hii: jimbo likipokea dola milioni 1, sanaa inapata 10,000, na 990,000 zinabaki kwa barabara, hospitali na shule. Hakuna barabara itakayokosa lami kwa sababu ya dola hizo. Lakini kikundi cha teatre kinaweza kukodi gari hadi Kasenga na Pweto, kununua mafuta ya jenereta, kulipa waigizaji wake na kucheza wiki nzima. Mtu mwenye kinasa sauti anaweza kwenda Mitwaba kurekodi wazee wanaojua nyimbo ambazo watoto wao hawazijui. Mzee mmoja akizikwa kabla ya kurekodiwa, hakuna bajeti ya mwaka kesho itakayomrudisha.

Jibu la pili linahusu vita vyenyewe. Mwaka 2012 Goma ilitekwa na waasi. Miezi michache baada ya vita vile kuisha, mwezi Februari 2014, mji huohuo ulifungua Festival Amani, ambapo vijana wa Kongo, Rwanda na Burundi walisikiliza muziki katika uwanja mmoja. Ilibebwa na wajitoleaji, na tiketi ya dola 1, na wafadhili. Haikumaliza vita, na hakuna aliyedai hivyo. Lakini ilionyesha kwamba watu wanaoambiwa kila siku wachukiane wana kiu ya mahali pa kukutana.

Katanga nayo ina kidonda chake. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, na watu walikufa vituoni wakingoja treni. Mambo hayo hayazungumzwi kwa urahisi bungeni wala mezani. Michezo ya Kiswahili inaweza kuyagusa. Kikundi cha Mufwankolo kilionyesha kwa miaka mingi, redioni na kwenye televisheni, jinsi kicheko cha Kiswahili cha Lubumbashi kinavyoweza kumkaripia chifu, mume mkali na mwenye pesa bila kumwaga damu, huku watu wa makabila yote wakicheka pamoja. Jimbo linalotumia pesa nyingi kwa usalama lingefanya vizuri kukumbuka kwamba usalama mwingine unaanzia hapo.

Hofu ya kununuliwa

Lawama ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote: pesa ya Leta itawafanya wasanii kuwa waimba sifa. Wenye umri wanakumbuka. Wakati wa Mobutu, Leta ililipia sanaa, na sanaa hiyo ikaitwa animation politique. Watumishi na wanafunzi walitolewa kazini na shuleni kwenda kumchezea Mwongozi. Na si wakati ule tu. Mwezi Novemba 2021 tume ya kuchuja nyimbo, Kinshasa, ilipiga marufuku nyimbo zilizowakosoa watawala, ukiwemo wimbo wa kundi la MPR, kisha katazo la wimbo huo likaondolewa haraka baada ya makelele ya watu. Leta inayojua kukataza, je, itajua kutoa bila kufunga midomo?

Hofu hiyo ni ya kweli, na haijibiwi kwa kuwaamini watawala. Inajibiwa kwa kanuni. Zaidi ya hayo, kukosa pesa ya umma hakukumpa msanii uhuru: kumempeleka kwenye mabanga, na kwenye fulana za chama wakati wa kampeni. Msanii tayari ananunuliwa. Pesa ya umma yenye kanuni inaweza kumpa njia ya kukataa.

Kanuni zenyewe si ngumu. Fungu liandikwe katika bajeti kwa jina lake na kwa asilimia yake, lisitegemee moyo mzuri wa gavana aliyepo. Ligawiwe na kamati ambayo wengi wake ni wasanii waliochaguliwa na wenzao, pamoja na walimu wa Chuo Kikuu na watu wa makumbusho, bila mbunge wala mshauri wa gavana, na kila mjumbe akae muda mfupi kisha atoke. Tangazo la kuomba lisomwe katika redio za mitaa, kwa Kiswahili na Kifaransa, ili mchonga sanamu wa Sakania asishindwe kwa sababu hajui kujaza karatasi za Kinshasa. Majina ya waliopata, na kiasi walichopata, yabandikwe mlangoni pa kila komini. Kazi yoyote inayomsifu kiongozi aliye madarakani isipewe hata franka moja. Na sehemu ya pesa iende lazima nje ya Lubumbashi.

Je, pesa inaweza kuliwa hata hivyo? Inaweza, kama ile ya barabara. Hakuna anayesema barabara zisijengwe kwa sababu pesa yake iliwahi kuliwa. Raia wanadai hesabu. Katika sanaa kudai hesabu ni rahisi zaidi: mchezo ulichezwa au haukuchezwa, na mtaa mzima ni shahidi.

Wengine watasema mfuko uko tayari. Ni kweli, nchi ina Fonds de Promotion Culturelle tangu miaka ya 1980, unaolishwa na tozo, na makao yake yako Kinshasa. Wabunge wa taifa waliochaguliwa huku wanaweza kudai ueleze kila mwaka ni kiasi gani kimerudi katika kila jimbo. Lakini jimbo lenye madini yake halina sababu ya kukaa likingoja mfuko wa mbali.

Mfano wa Afrika haukosekani. Burkina Faso ni nchi yenye utajiri mdogo wa ardhi kuliko Kongo. Tamasha lake la sinema, FESPACO, lilianza mwaka 1969, na mwaka 1972 Leta ikalifanya kuwa taasisi yake. Nchi hiyo imepitia mapinduzi na vita, na tamasha limeendelea. Mtu akitaja Ouagadougou popote duniani, sinema inatajwa pamoja nayo. Mtu akitaja Lubumbashi, inatajwa kobalti. Kobalti itaisha siku moja, kama kila mtu aliyeishi miaka ya 1990 anavyojua maana ya mgodi kunyamaza.

Kikao cha bajeti ni mahali pa kuanzia. Wasanii wa Haut-Katanga wanaweza kuandika pamoja pendekezo la ukurasa mmoja, lenye asilimia na kanuni, na kulipeleka kwa ofisi ya bunge la jimbo kabla bajeti haijapigiwa kura. Raia wanaweza kumuuliza mbunge wao swali moja tu anaporudi mtaani: katika bajeti uliyoipigia kura, sanaa ina mstari gani na pesa ngapi? Mbunge akijibu kwa kusifu utamaduni wa mababu, aulizwe tena. Jibu linalotakiwa ni namba.